Imepauka rangi na ina mashapo chini, lakini nzima: maswali yenu juu ya Barolo

Assalam alaykum wasomaji wetu. Mwezi huu meseji za watu wa hotelini zimekuwa nyingi mno, na karibu zote zinazunguka kitu kimoja, waini nyekundu za Kitaliana zile zilizokaa miaka mingi. Sababu naijua, Wataliana wamejaa pwani yetu ya Unguja, ya mashariki na kaskazini, na wao kwenye mambo ya mezani hawana mchezo, mtu akikuuliza swali anasubiri jibu. Basi ukurasa wote nimewapa hao. Kwa asiyenijua, mie nimefanya kazi ya mezani miaka 22, sasa nasomesha vijana, na sijapata kunywa ulevi maishani mwangu, hilo nitalieleza huko mbele kwa sababu kuna dada kaniuliza.

*Mwalimu shikamoo. Mie ni weita hapa Kiwengwa mwaka wa pili sasa, Kitaliana nakizungumza vizuri lakini waini nimejifunzia hapa hapa kazini. Wiki iliyopita kulikuwa na mzee wa Kitaliana na mkewe wanasherehekea miaka 40 ya ndoa, akaagiza Barolo ya 2004, ndio ghali kuliko zote kwenye menyu yetu. Nikafungua, nikamimina kidogo aonje, nikaona rangi si nyekundu, imepauka kama tofali, na chini ya chupa kuna machicha meusi. Nikamwambia pale pale samahani mzee hii imeharibika nakwenda kukuletea nyengine. Akanishika mkono akasema hapana, iache, ndivyo ilivyo. Wamekunywa na mkewe wamefurahi lakini mie naona aibu mpaka leo. Sasa hii Barolo ni kitu gani hasa, kwa nini iko vile, na kwa nini inauzwa pesa zote zile? Weita, Kiwengwa.*

Marahaba mwanangu. Aibu hiyo itoe moyoni kabisa. Umeona kitu hukijui ukahofia mgeni wako atakunywa kilichoharibika, hilo ndilo ninalolitaka kwa weita. Kosa ni la waliokupa chupa ya bei ile ukaifungue bila ya kukueleza hata neno moja.

Waini ile ilikuwa nzima. Barolo inatengenezwa na zabibu aina moja tu inayoitwa nebbiolo, asilimia 100, hairuhusiwi kuchanganywa na nyengine yoyote, na zabibu hii kwa asili yake ganda lake lina rangi kidogo. Hata ikiwa changa, ukiinua gilasi kwenye mwanga unaweza kuona vidole vyako upande wa pili. Miaka ikipita ile nyekundu inazidi kupungua, inaanzia pembeni ya gilasi inakuwa kama chungwa, halafu inaingia ndani kidogo kidogo, mpaka ikifika miaka 20 kama hiyo ya mzee wako inakuwa rangi ya tofali au kigae cha zamani. Ukiona rangi hiyo kwenye waini nyekundu ya bei rahisi yenye miaka miwili hapo ndio ushtuke, kwenye Barolo ya 2004 ungeshtuka kama usingeiona.

Na yale machicha ni mashapo. Zabibu ina kitu kinaitwa tanini, kipo kwenye ganda na kwenye kokwa, ndicho kinachokwata mdomo. Unakumbuka ulivyokuwa mdogo unakula zambarau mpaka ulimi unakuwa mzito, ufizi mkavu, mashavu yanavutana ndani? Ndiyo hiyo hiyo tanini. Nebbiolo inayo nyingi mno, na inachowachanganya watu ni kwamba rangi kidogo lakini tanini tele, mtu anaiona nyepesi kwa macho halafu inamkamata mdomo. Tena ina ugwadu wake, ule wa kufanya mate yatoke kama ukisikia harufu ya ukwaju. Sasa ndani ya chupa, mwaka baada ya mwaka, tanini na rangi zinashikana, zinakuwa nzito, zinazama. Kinachobaki juu kimelainika. Kwa hiyo yale meusi uliyoyaona chini ni ule ukakasi wa ujanani umeshashuka, na mzee wako ndio alichokilipia hicho.

Haya, kwao ni wapi. Barolo inatoka Piemonte, kaskazini magharibi ya Italia, na jina hilo maana yake ni mguu wa mlima kwa sababu mkoa umekaa chini ya milima ya Alps. Kuna vilima vinaitwa Langhe karibu na mji wa Alba, na Barolo ni kijiji kidogo kwenye vilima hivyo, ila waini yenyewe inaruhusiwa kutoka vijiji 11, na kila kimoja na tabia yake. Za La Morra kwa kawaida zinakuwa laini na zinatoa harufu mapema, za Serralunga d'Alba na Monforte d'Alba ni ngumu, zinataka zisubiriwe. Watu wa kule wanasema ni udongo, na mtu wa Pemba aliyekulia kwenye mikarafuu hilo halimshangazi hata kidogo, anajua kilima na bonde havitoi mavuno sawa ingawa mti ni ule ule.

Nebbiolo ni zabibu yenye tabu. Inachipua mapema na inaiva mwisho wenzake wote wameshavunwa, mara nyingi mwezi wa 10, wakati ukungu umeanza kukaa mabondeni, na wengi wanasema hata jina limetokana na nebbia, yaani ukungu kwa Kitaliana. Sasa kwa vile inachelewa hivo inataka jua lote litakalopatikana, ndio maana sheria inakataza kuipanda bondeni na kwenye ubavu wa kilima ulioelekea kaskazini moja kwa moja. Wazee wa kule walikuwa wanaangalia theluji inayeyuka wapi mwanzo, basi hapo ndipo walipoiweka nebbiolo. Mie hili nimelipenda tangu siku niliyolisikia, mtu anajifunza shamba lake kwa kuliangalia tu asubuhi.

Bei sasa. Mashamba yote ya Barolo ukiyakusanya ni hekta 2,000 na ushei, kwa dunia nzima inayoitaka. Kila hekta haitakiwi kutoa zaidi ya tani 8 za zabibu. Na ikishatengenezwa haiuzwi, kwa sheria ya sasa inakaa miezi 38 kuanzia tarehe 1 Novemba ya mwaka wa mavuno, na katika hiyo miezi 18 lazima iwe ndani ya pipa la mti. Ikiandikwa Riserva ni miezi 62. Hebu fikiria mkulima kavuna, kalipa vibarua, halafu pesa yake imelala miaka mitatu na zaidi. Hiyo ya mzee wako isingeweza kufika dukani kabla ya Januari 2008, na kutoka hapo kuna mtu kaitunza miaka mingi tena mpaka imefika Kiwengwa. Siku nyengine ukiulizwa bei sema hivo, mgeni atakuelewa.

*Mwalimu, mie ni mwanafunzi wa kozi ya hoteli hapa Mjini, msichana. Sinywi na sitokunywa inshaallah. Darasani tunapewa karatasi tukariri eti hii ina harufu ya beri hii na beri ile, matunda ambayo sijayaona hata kwenye picha. Nikisimama mbele ya mgeni naona kama namdanganya. Nifanyeje?*

Bibie, swali lako nimelisoma mara tatu, maana mie nimetoka huko huko.

La halali na haramu ya kazi yenyewe kaulize masheikh wako, mie si mtu wa kutoa fatwa na sitaki kukubebesha la kwangu. La kusema uongo mezani hilo nalijua. Hiyo karatasi iweke pembeni kwanza.

Mwaka 1998 nilikuwa weita kwenye hoteli moja Mji Mkongwe, akaja mama mmoja mtu mzima anatoka La Morra, kaja na chupa yake mwenyewe kwenye mkoba kaifunga kwenye kanga. Akaniomba nimfungulie, akaniuliza wewe unaionaje. Nikamwambia ukweli, mama mie sinywi. Hakubisha, akanisogezea gilasi akasema basi inuse tu. Nikainusa, na kitu cha mwanzo kilichonijia ni marashi ya mawaridi, yale tunayorashiwa na mrashi kwenye maulidi, lakini kama yamekauka kwenye nguo ikakaa kabatini. Nikamwambia. Yule mama macho yalijaa maji. Akaniambia inusa tena kuna kingine, na mie sikukipata, akanitajia yeye mwenyewe neno la Kitaliana, catrame, lami. Nikarudisha pua na wallahi ilikuwepo, ile harufu ya barabara inapotiwa lami mchana wa jua. Baadae ndio nikaja kusoma kwamba mawaridi na lami ndio maneno wanayoyatumia watu wa waini dunia nzima wakiizungumza Barolo, miaka na miaka, na mie nilikuwa siyajui siku ile.

Basi jibu langu ni hilo. Wewe ni mtoto wa Zanzibar, umekua ndani ya udi, asumini, karafuu, mdalasini, hiliki, pua yako imesomeshwa kabla hujaingia skuli. Nusa, sema unachokisikia. Barolo ya zamani utapata mawaridi makavu, lami, ngozi kama ya kiatu kipya, tumbaku, majani makavu, udongo baada ya mvua, wengine wanapata uyoga wa chini ya ardhi ule wa Alba wanaouita tartufo, ambao huo kama hujaunusa usiutaje. Ukakasi waeleze kwa zambarau, mgeni wa Kitaliana hajui zambarau atakuuliza ndio nini, na hapo umeshapata mazungumzo ya kweli. Na ukiulizwa kama umeonja sema hujaonja. Katika miaka yangu yote sijaona mgeni aliyekasirika kwa jibu hilo, wanachokasirika ni kuambiwa habari za kukaririshwa.

Vile vile jifunze hadithi ya watu, hiyo haitaki kunywa. Barolo inahusishwa sana na mwanamke mmoja, Giulia Colbert, Mfaransa, alizaliwa 1785, akaolewa na Carlo Tancredi Falletti aliyekuwa mwenyewe wa kijiji na ngome ya Barolo. Hawakupata mtoto. Kuna hadithi inasimuliwa kwamba mfalme Carlo Alberto alimtania mbona naisikia tu waini yako sijaiona, yule mama akampelekea mapipa 325, pipa moja kwa kila siku ya mwaka ukitoa siku 40 za kwaresima. Hiyo ichukue kama hadithi. Lakini lililo hakika, na ambalo mie nalithamini zaidi, ni kwamba mama huyu mjini Torino alikuwa anaingia magerezani kuwasomesha wafungwa wanawake na kudai wawekwe mahali pa kiutu, na alipofariki 1864 mali yake ikaachwa iendeshe kazi za kheri kwa jina la Barolo. Mweleze mgeni hilo uone atakavyokuangalia.

Jengine, kijiji jirani cha Grinzane meya wake alikuwa Camillo Benso di Cavour, alishika tangu 1832 akiwa kijana wa miaka 21, alikuwa na mashamba ya mizabibu pale, na 1861 ndiye akawa waziri mkuu wa kwanza wa Italia. Leo kijiji kinaitwa Grinzane Cavour. Na vilima vyote hivyo UNESCO wameviingiza kwenye urithi wa dunia 2014, kama Mji Mkongwe wetu ulivyoingizwa 2000, kwa hiyo nyie wawili mezani, wewe na mgeni wa Langhe, mnatoka mahali pa namna moja.

*Salamu mwalimu. Mie nipo stoo ya hoteli upande wa Paje. Bosi kanunua katoni mbili za Barolo na Barbaresco anasema zitakaa. Zitakaa wapi? Stoo yetu ina joto, umeme ukikatika jenereta linawashwa kwa friji za samaki na nyama tu. Halafu kwenye kitabu wameandika waini nyekundu itolewe kwa joto la chumba. Ni sawa?*

Kaka, hapo kwenye joto la chumba ndipo waini nyingi zinapouliwa hapa kwetu. Maneno hayo yameandikwa na watu wa ulaya, tena wa zamani, nyumba za mawe hazina hita, chumba ni digrii 16 mpaka 18. Chumba chetu mwezi wa pili ni digrii 30 na zaidi. Ukiimimina kwa joto hilo pombe inapanda puani inafunika kila kitu, mawaridi yamekwenda, limebaki kama dawa ya kusafishia kidonda. Itie kwenye friji ya kawaida kama nusu saa kabla ya kuipeleka, iguse, ikiwa baridi ya mtungi wa udongo basi hapo hapo. Mtungi wa nyumbani uliokaa kivulini ndio kipimo changu, kila mwanafunzi namwambia hivo.

Kukaa sasa. Waini ya kuzeeka inataka digrii 12 mpaka 14, giza, utulivu, na chupa ilale ubavu ili kizibo kisikauke. Kinachoua zaidi ni kupanda na kushuka, leo 18 kesho 32, waini inatanuka inasukuma kizibo, hewa inaingia, kwisha. Nimeshaona chupa zimetoka jasho la waini pembeni ya kizibo na mtu anataka kuziuza bei ile ile. Hizo ukizifungua harufu yake kama zabibu kavu zilizochemshwa, na usimpe mgeni, hata bosi akikasirika.

Kwa hiyo mwambie bosi mapema na kwa adabu, kama hamna friji maalumu ya waini, au mnayo lakini haimo kwenye laini ya jenereta, Barolo za miaka mingi msizinunue kwa kuweka, mnunue chache na mziuze msimu huo huo. Barbaresco ni nebbiolo hiyo hiyo kutoka upande wa pili wa Alba, sheria yake miezi 26, inalainika mapema kidogo, lakini joto haliihurumii nayo. Na usiziweke jikoni juu ya kabati, tafadhali, sehemu tatu nimeziona huko.

Siku ya kuifungua ya zamani, isimamishe wima tangu jana yake mashapo yateremke. Kizibo cha miaka 20 kinaweza kuvunjika, tumia kizibuo cha meno mawili kinachopita pembeni, polepole. Kisha imimine kwenye dikanta, yaani jagi la gilasi la kuhamishia waini, kwa mkono mmoja usiotetemeka, weka tochi ya simu chini ya shingo ya chupa, ukiona uzi mweusi unakuja acha, hicho kilichobaki chini si cha kumimina. Changa inaweza kukaa kwenye dikanta saa mbili tatu ipoe ukali, ya zamani sana usiiweke muda, harufu yake ni nyepesi inaruka.

Na kama inanuka boksi lililorowa au mkeka wenye ukungu, hiyo ni kweli imeharibika, kizibo kimeiambukiza, badilisha bila ya kubishana na mgeni.

*Mwalimu, Mtaliana mmoja hapa Nungwi kaniuliza hii Barolo yenu ni ya kizamani au ya kisasa. Nikamwambia ya 2015. Akacheka. Alikuwa anauliza nini?*

Alikuwa hakuulizi mwaka, alikuwa anakuuliza ukoo. Kule kwao kulikuwa na ugomvi mkubwa miaka ya 1980 na 1990, mpaka watu wanauita vita vya Barolo. Wazee walikuwa wanaacha maganda yakae ndani ya waini wiki nyingi, halafu wanaitia kwenye mapipa makubwa ya mti, ya maelfu ya lita, inakaa huko miaka, ikitoka ni kali haswa, mtu anasubiri miaka 15 ndio ainywe. Vijana wakaenda Ufaransa wakaona wenzao wanatajirika, wakarudi wanataka maganda siku chache tu na mapipa madogo mapya ya lita 225, yanaipa waini harufu ya vanila na kuifanya inyweke mapema, na masoko ya Marekani yakaipenda.

Elio Altare wa La Morra ndiye anayetajwa zaidi. 1983 alichukua msumeno wa moto akayakata mapipa makubwa ya baba yake. Baba akamtoa kwenye urithi, na akafariki hawajaelewana. Mie kila nikiisimulia hii darasani kuna mwanafunzi anamtetea kijana na mwengine anamlilia mzee, na mie nipo na mzee, ingawa kijana waini yake ilikuja kusifiwa sana na shida aliyoikimbia ilikuwa ya kweli, wakulima wa Langhe miaka ile walikuwa maskini, nyumba nyingi zilihamwa watu wakaenda viwandani Torino. Upande wa pili alikuwepo Bartolo Mascarello, hapo hapo Barolo kijijini, alishikilia mapipa makubwa mpaka alipofariki 2005, na uzeeni akiwa kwenye kiti cha magurudumu akawa anachora lebo za chupa zake kwa mkono. Siku hizi ugomvi umepoa, wengi wamerudi kwenye mapipa makubwa lakini masafi zaidi ya yale ya wazee, kila upande umechukua kwa mwenzake.

Basi nenda kwenye intaneti uangalie huyo mtengenezaji wa chupa yenu anatumia pipa gani, umjibu mgeni akirudi.

*Ni kweli waini ya Italia iliwahi kuua watu? Msomaji, Chake Chake.*

Kweli, na ilikuwa Piemonte hiyo hiyo. Mwaka 1986 iligundulika kuna waini rahisi za jumla zimetiwa methanoli kuzipandisha nguvu ya kilevi, kiwanda kimojawapo kilikuwa Narzole, mwendo mfupi kutoka Barolo. Kiasi cha watu 20 walifariki na wengine wakapoteza macho. Methanoli ndiyo hiyo hiyo inayowaua watu wetu kwenye pombe za kienyeji zisizojulikana zinakotoka. Barolo yenyewe haikuwemo kwenye uovu ule, lakini jina la mkoa mzima lilichafuka, nchi za nje zikasitisha kununua, na sheria za kuchunguza waini Italia zikakazwa sana baada ya hapo. Ile karatasi ndefu ya serikali unayoiona imegandishwa juu ya shingo ya chupa ina namba yake kwa kila chupa. Chupa ya Barolo isiyokuwa nayo msiipokee stoo.

*Barolo, Brunello na Amarone zina tofauti gani? Naomba kwa ufupi tuna mtihani.*

Barolo nimeshaimaliza hapo juu. Brunello ni ya Montalcino, kusini ya Siena, mkoa wa Toscana, zabibu yake sangiovese tupu. Familia ya Biondi-Santi ndiyo iliyoijengea jina, na Brunello ya mavuno ya 1888 ndiyo inayotajwa kuwa ya mwanzo kutambulika kwa umaarufu huo. Inaingia sokoni tarehe 1 Januari ya mwaka wa tano baada ya mwaka wa mavuno, na angalau miaka miwili iwe imekaa ndani ya pipa. Barolo na Brunello zote mbili zilipata daraja la juu la serikali, DOCG, mwaka 1980. Amarone hiyo ni ya Valpolicella karibu na Verona, zabibu zinavunwa halafu zinaanikwa ndani kwenye majamvi miezi mitatu minne zinyauke ndipo zikamuliwe, kwa hiyo ni nzito, nyeusi nyeusi, na kilevi chake mara nyingi kinafika asilimia 15. Kwenye mtihani mkiulizwa ipi yenye rangi nyepesi na ukakasi mwingi jibu ni Barolo, hapo wengi wanakosea.

*Chef wetu anataka kuitoa Barolo pamoja na pweza wa nazi kwenye usiku wa Wataliana. Supavaiza anakataa. Nani mkweli?*

Supavaiza. Tanini na samaki zikikutana mdomoni mgeni anasikia ladha ya chuma, na tui litapotea kabisa. Kwao Barolo inaliwa na nyama ya ng'ombe iliyopikwa muda mrefu, wana chakula kinaitwa brasato, nyama inachemkia ndani ya Barolo yenyewe. Hapa kwetu mpeni nyama ya mbuzi ya kuokwa, au mishkaki isiyokuwa na pilipili nyingi, pilipili inaufanya ukakasi uwake moto. Pweza mwacheni na waini nyeupe au maji ya madafu.

*Mwalimu, marehemu mjomba alikuwa mpishi kwa Wazungu. Ndani ya sanduku lake tumekuta chupa ya Barolo ya 1978 imesimama wima, tupo Wete. Ina thamani?*

Mwaka wenyewe, 1978, kule ni mwaka unaosifiwa sana, na iliyotunzwa vizuri watu wanaitafuta. Lakini imesimama wima ndani ya sanduku, Wete, miaka yote hiyo. Iangalieni shingo, kama waini imeshuka mpaka kwenye mabega ya chupa imekwisha hiyo. Msimuuzie mtu kwa bei ya hadithi. Lebo ikiwa bado inasomeka ipigeni picha muiweke na vitu vya marehemu, mjue alipita mezani kwa nani.